Nilikwenda mahakamani na meseji za mchepuko, hakimu akaniuliza risiti za bati (talaka, mali na watoto hapa Dar)

Mama Watatu:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za usiku. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Shauri langu la talaka liliisha mwaka jana, baada ya kuhangaika miaka miwili na ushee. Tangu hapo haipiti wiki bila ndugu au jirani kunivuta pembeni, "hebu nieleze, ulianzia wapi?" Wengi nawakuta wameshafanya makosa yaleyale niliyoyafanya mimi. Simwandiki baba wa watoto wangu kwa ubaya. Ni baba yao, na yaliyotupata sisi wawili nimeshayaacha. Naandika habari za karatasi, pesa na watoto, kwa sababu hayo ndiyo niliyoingia nayo mahakamani nikiwa sijui chochote, na kutojua kwangu kumenigharimu.

Tulifunga ndoa kanisani, tukakaa Chanika miaka 14. Yeye dereva wa lori. Mimi nakaanga maandazi na chapati alfajiri na kusambaza madukani. Mungu alitupa watoto watatu. Tulikuwa na nyumba ya vyumba vinne, kiwanja Kibada na bajaji moja. Mambo yalipoharibika niliondoka na wadogo wawili, nikaenda kwa mama Mbagala. Mkubwa alibaki kwa sababu ya shule.

Kosa la kwanza: nilikwenda mahakamani moja kwa moja. Karani akaniuliza, "Mama, hati ya baraza iko wapi?" Sikujua hata anasema nini. Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hati, wenyewe wanaiita fomu namba 3, na hiyo ndiyo unaambatanisha na maombi ya talaka. Iko misamaha, kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au anaishi nje ya nchi, au amefungwa kifungo kirefu. Mimi sikuwa na msamaha wowote, mume alikuwa Chanika anakula na kulala.

Nikaenda baraza la kata huku Mbagala, karibu na kwa mama. Wakanirudisha. Baraza la kata linalohusika ni la kata anakoishi mume. Nauli ya Mbagala hadi Chanika na kurudi, na mtoto mgongoni, mnaijua.

Kosa la pili linaniuma mpaka leo. Baraza lilitoa hati. Wazee wa pande zote wakasema tusikimbilie mahakamani, wacha tukae kikao. Tukakaa kimoja, tukakaa cha pili, mara msiba, mara Pasaka. Nilipofika mahakamani hati ina miezi saba. Sheria inataka iwe haijapita miezi sita tangu itolewe. Nikaanza upya kwenye baraza. Sisemi msiwasikilize wazee. Wasikilizeni, ila mkono mmoja ushike kalenda.

Sasa nije kwenye kichwa cha uzi. Siku ya kutoa ushahidi nilikuwa nimechapisha meseji zote za yule mwanamke. Karatasi 22, nilizilipia stationery kwa pesa ya unga. Nilidhani hakimu akizisoma atanipa nyumba. Hakimu alizipokea, akazitazama, akasema zinasaidia kuonyesha kwamba ndoa imevunjika. Halafu akaniuliza, "Mama, kwenye hii nyumba, wewe uliweka nini?" Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni mke." Akauliza tena, taratibu kabisa, "Uliweka nini?"

Nililia pale kizimbani. Si kwamba hakimu alikuwa mkali. Nililia kwa sababu niliweka kila kitu na sikuwa na hata karatasi moja mkononi.

Kifungu cha 114 ndicho kinachogawa mali. Kinaangalia mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja uwe wa fedha, mali au kazi, madeni mliyoingia kwa faida ya familia, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo ndipo mahakama inaelekea kwenye usawa. Someni tena orodha hiyo. Hakuna mahali imeandikwa nani alichepuka. Uzinzi unahesabiwa kwenye kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika. Kwenye mgawanyo wa mali niliulizwa maswali ya saruji.

Nilipewa tarehe nyingine. Huo muda ndio ulioniokoa. Nilikwenda kwa katibu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akanitolea kumbukumbu za mkopo wangu wa shilingi 1,800,000, mwezi uleule tulioezeka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinitafutia nakala ya risiti ya bati, jina langu likiwa juu kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kuchukua. Fundi aliyejenga alikuja mwenyewe kusema nani alikuwa anamlipa Jumamosi na nani alikuwa anachota maji ya kumwagilia tofali. Mjumbe naye akaja. Hukumu ikanipa asilimia 40 ya nyumba. Kiwanja cha Kibada sikupata, nitaeleza kama kuna atakayeuliza. Bajaji ilikuwa imeshauzwa kabla ya kesi.

Ya watoto nitaandika chini, mkono umechoka. Ulizeni, ninachokijua nitajibu, nisichokijua wataalamu watusaidie.

Fundi wa Goba:

Dada pole sana. Na mimi niulize upande wa pili. Nyumba yangu ya Goba niliianza 2012, nikaoa 2016. Wakati naoa ilikuwa imefika kwenye lenta. Leo mke wangu anataka talaka na anadai nusu. Kweli hiyo ni haki?

Msaidizi wa Sheria Ilala:

Mleta uzi hongera kwa maelezo, hasa hilo la hati ya baraza, tunakutana nalo kila siku ofisini.

Kaka wa Goba, mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa ni yako, ndoa peke yake haiifanyi kuwa ya wawili. Kifungu cha 58 kinasema hivyo. Lakini 114 ina kifungu kidogo cha tatu. Mali ya mmoja ya kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili, inaingia kwenye mgawanyo. Kwa hiyo swali ni je, kutoka lenta hadi kuhamia, nani aliweka nini? Paa, plasta, madirisha, umeme, maji, uzio. Kama mkeo alishiriki, ana sehemu katika hilo. Kama hukumpa nafasi ya kutia hata sumni na unaweza kuonyesha, hali ni nyingine.

Na tahadhari moja, usidhani "sumni" ni pesa tu. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kabla ya hapo mahakama zilikuwa zinavutana, wengine wakisema hiyo ni wajibu tu wa mke.

Mama Watatu:

Msaidizi, asante kwa kuileta hiyo. Wakili wa msaada aliniambia jina hilohilo la Bi Hawa nikafurahi, nikadhani nimeshashinda. Akaniambia tulia, yule mama mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu mahakama iliona mume alishampa mtaji na yeye akautapanya. Kanuni ilibaki kuwasaidia wengine. Nimemfikiria sana yule mama. Alifungua mlango ambao yeye mwenyewe hakupita.

Msaidizi wa Sheria Ilala:

Ni kweli. Na rufani za karibuni zimesisitiza kwamba kiasi cha mchango lazima kithibitishwe kwa ushahidi. Kazi ya nyumbani inahesabiwa, lakini nusu kwa nusu haiji yenyewe.

Mzee wa Kiwalani:

Ndiyo maana vijana wanaogopa kuoa. Mtu anaingia ndani ya nyumba miaka mitatu anatoka na vyumba viwili. Wanawake wa siku hizi wanaolewa kugawana mali.

Mama Watatu:

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia na sitakubishia kwa hasira, kwa sababu najua wapo wanaofanya hivyo, wanawake na wanaume. Ila naomba ufikirie. Nimeamka saa tisa usiku kwa miaka 14. Mwenzangu alikuwa na safari za Tunduma, siku nane hadi kumi hayupo. Mtoto akiugua usiku, mimi. Ada ikipungua, mimi nakopa kikundi. Mshahara wake ulionunua tofali ulibaki mzima kwa sababu chakula cha nyumba kilitoka kwenye karai langu. Ukiniambia nimekuja kugawana, nakuuliza mzee wangu, nimekuja kugawana na nani kitu ambacho nilikichuma mwenyewe?

Mzee wa Kiwalani:

Marahaba mwanangu. Hapo umenijibu vizuri, sina la kuongeza. Binti yangu naye yuko kwenye ndoa. Nitamwambia atunze risiti.

Ummu Sabra:

Assalaam alaykum. Mimi ndoa yangu ni ya Kiislamu. Mume wangu kaniandikia talaka kwenye karatasi, mashahidi wawili, kaniachia na chumba cha kupanga Tandika nikae eda. Eda imeisha. Sasa anasema mambo yamekwisha, hakuna mgawanyo wowote maana "talaka imeshatoka." Naenda wapi?

Mjukuu wa Rufiji:

Waalaykum salaam dada yangu. Nimekaa kwenye baraza la usuluhishi la msikitini kwetu miaka kadhaa, wacha nikueleze nilivyoona. Kwa dini, talaka yako na eda yako ni sahihi kama masharti yalitimia. Kwa sheria ya nchi, ndoa inavunjwa na mahakama. Kifungu cha 107(3) kimeweka njia yetu Waislamu. Mgogoro unakwenda baraza, mnaweza kwenda BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au baraza la kata, baraza linathibitisha limeshindwa kupatanisha, na baada ya hapo ikitoka talaka ya kisheria ya Kiislamu, mahakama inatamka kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Mpangilio ndio huo, baraza kwanza. Wengi wanaandika talaka sebuleni halafu wanakuja kwetu wakidhani wamemaliza.

Kwa hiyo nenda baraza na hiyo karatasi yako, eleza, upate hati. Ukifika mahakamani omba kila kitu kwa pamoja: amri ya talaka, mgawanyo, watoto kama wapo. Asikutishe mtu kwamba karatasi ya talaka imefuta haki yako ya mali. Na kama kuna mahari hujamaliziwa, itaje, hiyo ni haki yako ya asili.

Ummu Sabra:

Allah akulipe kheri. Ya mahari hata sikuikumbuka.

Mpangaji wa Mbagala:

Sisi hatukufunga ndoa. Tumekaa miaka sita, tuna mtoto mmoja wa miaka minne, kila mtu mtaani anatujua baba na mama fulani. Tuna duka la M-Pesa na vifaa vya shule. Juzi kaniambia "wewe si mke wangu, huna unachodai." Nimekonda.

Msaidizi wa Sheria Ilala:

Pole dada. Kifungu cha 160 kinakuhusu. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria inadhania kwamba wana ndoa. Dhana hiyo anaweza kuipinga kwa ushahidi, kwa mfano kama mmoja wenu alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja wakati huo. Lakini hata akifaulu kuonyesha hamkuwa mume na mke, bado unaweza kuomba matunzo na mahakama kukupa nafuu nyingine pamoja na suala la mtoto. Tafuta mashahidi wa hiyo miaka sita: mwenye nyumba, mjumbe, kadi ya kliniki ya mtoto, picha za sherehe za familia, ndugu zake waliokuja kwenu. Kwenye duka chukua nakala ya leseni, daftari za mauzo, miamala ya simu inayoonyesha mtaji ulitoka wapi. Fanya hivyo leo, kabla hajabadili funguo.

Mama Watatu:

Dada wa Mbagala, kuhusu simu: nenda dukani kwa mtandao wako uombe taarifa ya miamala. Mimi nilidharau hilo nikaja kukosa ushahidi wa pesa nilizokuwa namtumia njiani lori likiharibika.

Na mtoto wako haki yake haisubiri mjue kama mlioana. Mwanasheria aliniambia kwamba zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa baba alikuwa anaweza kuamriwa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja! Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sasa mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, na watoto wengine wanaotegemea.

Dereva wa Gongo la Mboto:

Swali la haraka. Nyumba imechukuliwa mkopo, mke hajasaini. Benki inaweza kuuza?

Msaidizi wa Sheria Ilala:

Nyumba ambayo familia inaishi haiwezi kuwekwa rehani, kuuzwa wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenzi, wakati ndoa ipo. Iko kwenye kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka ridhaa ya mwenzi kwenye rehani ya nyumba ya ndoa. Kama mkeo hakuridhia, au sahihi ilighushiwa, awahi mahakamani kabla ya tangazo la mnada. Mnada ukishapita kazi inakuwa kubwa.

Na kwa wote, kama nyumba ina hati, mwenzi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili isiuzwe kimyakimya.

Mama Watatu:

Yetu ya Chanika haikuwa na hati, ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, kama nyumba nyingi za huku kwetu. Nilichofanya ni kumwandikia barua mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji, kwamba kuna shauri na mimi sijaridhia mauzo. Wakanigongea muhuri wa kupokea. Mnunuzi mmoja alikuja kuulizia pale ofisini, akaonyeshwa barua, akaondoka zake.

Kibada sikuwahi. Kiwanja kile tulinunua kwa pesa yetu lakini kiliandikwa jina la mama mkwe, "kwa usalama." Mahakamani mama mkwe hakuwa sehemu ya kesi, na karatasi inasema ni chake. Mahakama haiwezi kunigawia mali ya mtu ambaye hakusikilizwa. Nilitakiwa kumuunganisha tangu mwanzo na kuleta ushahidi wa nani alilipa. Nilimwonea haya. Ni mama aliyenipokea vizuri nilipoolewa, na kumshtaki mama mkwe kwetu ni jambo zito. Nilichagua kutomgusa, nikapoteza. Sijuti sana, lakini ajuaye atangulie kujua.

Baba wa Pacha:

Naomba niseme kama baba. Tumeachana, mahakama imempa mama watoto wetu pacha, wana miaka mitano. Natuma laki mbili kila mwezi. Nikipiga simu haipokelewi. Nikienda naambiwa wamelala, saa kumi na moja jioni. Nimefikiria kusimamisha pesa mpaka nionyeshwe watoto. Niambieni ukweli.

Mama Watatu:

Kaka yangu, nakuomba kwa jina la Mungu usisimamishe. Kifungu cha 129 kinakubana kuwatunza watoto wako wakiwa kwako au wakiwa kwa mtu mwingine: makazi, nguo, chakula, elimu, kwa kadiri ya uwezo wako. Ukisimamisha, wewe ndiye utakayeonekana mkosaji, na wanaolala njaa ni pacha. Nayo hamu yako ya kuwaona ni haki, tena ni haki ya watoto kukuona. Rudi mahakamani iliyotoa amri, omba ratiba ya kuwaona iandikwe: siku gani, saa ngapi, likizo wanalala wapi. Amri za watoto zinaweza kubadilishwa wakati wowote hali ikibadilika. Pitia pia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, wengi wanamaliza hapo bila hata kurudi kortini. Na tuma pesa kwa njia inayoacha kumbukumbu, usimpe mtu mkononi.

Sasa nieleze ya kwangu, niliahidi.

Watoto wangu walikuwa na miaka 15, 11 na 5. Sheria inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora akae na mama, lakini ni dhana tu, inaweza kuvunjwa. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Wanaangalia pia matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na ubaya wa kumhamishahamisha. Na mahakama haifungwi kuwaweka watoto wote upande mmoja.

Afisa ustawi alikuja Mbagala, akaona tunapolala, akakagua hadi choo. Akaenda Chanika. Hakimu akamwita binti yangu mkubwa ofisini kwake, sisi wazazi tukabaki nje kwenye benchi. Akatoka. Siku ya hukumu nikasikia kwamba amesema anataka kubaki kwa baba yake hadi amalize kidato cha nne, kwa sababu shule na rafiki zake wako Chanika na kwa bibi hakuna nafasi ya kusomea.

Wazazi wenzangu, sikuelewa kitu kingine siku ile. Asilimia 40 ilisomwa sikuisikia. Nilijiona nimekataliwa na mtoto niliyemzaa. Ilinichukua miezi kumwelewa. Yeye alikuwa amesema ukweli, chumba cha mama kina watu watano na taa moja. Hakunikataa mimi. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kumweleza makosa ya baba yake usiku tukiongea kwenye simu, mtoto wa miaka 15, na yeye amekaa kwenye nyumba ya huyohuyo baba. Hilo ndilo kosa langu la tatu na ni kubwa kuliko ya hati na ya kiwanja. Mengine ni mali.

Wadogo nilipewa mimi, baba analipa matunzo na ada, mkubwa anakuja kwangu likizo.

Baba wa Pacha:

Nimesoma mara mbili. Nimetuma ya mwezi huu sasa hivi. Jumatatu naenda ustawi.

Mwalimu wa Kigogo:

Dada mleta uzi, ni mahakama gani? Na wakili ulimlipaje kwa biashara ya maandazi?

Mama Watatu:

Shikamoo mwalimu. Mashauri ya ndoa sheria inaruhusu kufunguliwa mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu. Hapa Dar, tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi pale Temeke ambacho kinashughulika na mambo ya familia, mirathi na ndoa, ngazi zote ziko jengo moja. Langu lilisikilizwa huko. Kiswahili mwanzo mwisho, usiogope.

Wakili sikulipa. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na yapo mashirika kama TAWLA na WLAC hapa Dar yanayosaidia wasio na uwezo. Waliniandikia maombi na kunielekeza namna ya kujieleza, mimi nikasimama mwenyewe. Ukienda nenda asubuhi, beba cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na karatasi zote za mali hata zile unazoziona za kijinga.

Fundi wa Goba:

Na hiyo asilimia 40 umeshaipata? Au ni ya kwenye karatasi?

Mama Watatu:

Kaka umegusa penyewe. Hukumu ilisomwa, nikarudi Mbagala na nakala kwenye mkoba, na miezi minne hakuna kilichobadilika. Watu hawaambiwi kwamba hukumu haijitekelezi. Inabidi urudi kuomba kukazia hukumu. Nyumba ikapimwa na mthamini, bei ikajulikana. Hapo mnachagua, mmoja amlipe mwenzake sehemu yake abaki na nyumba, au iuzwe mgawane. Nilikuwa na haki ya kusema iuzwe. Nikamfikiria binti yangu na kidato cha nne chake, tukakubaliana mbele ya hakimu anilipe kwa awamu tatu, imeandikwa na tarehe. Ameshalipa mbili. Deni la VICOBA lilikuwa limehesabiwa kwenye hukumu, nililipa kwa awamu ya kwanza.

Kwa awamu ya pili nimepanga vyumba viwili Charambe, chumba kimoja kina meza na taa yake. Awamu ya tatu ni mwezi wa kumi na mbili, binti akishamaliza mitihani.

Ummu Sabra:

Dada nimetoka BAKWATA leo. Nimepewa tarehe ya kikao, naye amepelekewa wito. Ile karatasi ya mahari nimeipata kwa mjomba.

Mama Watatu:

Alhamdulillah mdogo wangu. Kikao kikiisha na hati ikatoka, andika tarehe yake ukutani, hesabu miezi sita kuanzia siku hiyo.